Simu Ikichelewa Kujaa, Tupime Kabla ya Kununua

Miongoni mwa maradhi ya simu za mkononi, sijui kama lipo linalolalamikiwa sana na kuchunguzwa kidogo kama hili la simu kuchelewa kujaa. Mtu huichomeka simu yake saa tatu za usiku, akasahihisha madaftari, akalala, na alfajiri akaikuta haijafika hata robo tatu. Hukumu hutolewa papo hapo: betri imekufa. Kufikia jioni ya siku hiyo mshtakiwa huyo huwa amekwisha kung'olewa na kutupwa, pengine pamoja na simu yenyewe, bila ya shahidi hata mmoja kuhojiwa.

Leo nakusudia kumtetea mshtakiwa huyu. Si kwamba betri hazifi; hufa, nami nitalifikia hilo. Hoja yangu ni kwamba simu inayochelewa kujaa ni tatizo linaloweza kupimwa nyumbani au katika chumba cha walimu, bila ya chombo chochote isipokuwa saa, kalamu na karatasi. Sisi tunaofundisha sayansi, na wale tunaowafundisha, hatuna udhuru wa kulipia makisio ya watu wengine.

Jambo lenyewe si dogo. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi mwaka wa 2007, simu imekuwa ndio mfuko wa fedha wa Mkenya. Mwalimu huitumia kutuma alama za tathmini kwa Baraza la Mitihani ya Kitaifa, KNEC. Mwanafunzi wa chuo kikuu huomba mkopo wa HELB kwa simu, akasomea mihadhara humo humo. Simu ikizima saa nane za mchana, mwenyewe huwa amefungiwa nje ya benki, ofisi na maktaba kwa pigo moja. Mtu aliye katika dhiki hiyo akiambiwa anunue kitu, hununua.

Fika Adams Arcade, katika Barabara ya Ngong, ujionee. Jumba hilo la maduka limebeba jina la mjenzi wake, Abdul Habib Adam, na lilijengwa katika miaka ya 1950, wakati ambapo vituo vya maduka vya aina hiyo vilikuwa adimu mno katika Afrika Mashariki. Upande mmoja kuna Kilimani, upande wa pili Woodley na Kibera, na soko la Toi liko hatua chache tu. Mwenye gari na mwenye kuabiri matatu hukutana hapo, na wote wawili wana simu. Ndiyo maana nyaya za kuchajia zimening'inizwa kila upande, za rangi zote, nyingine zikiuzwa kwa shilingi 100. Mimi hupita hapo karibu kila siku, na kauli ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa mafundi ni hii: "Hiyo ni betri, mwalimu."

Mwenzangu mmoja anayefundisha Historia aliambiwa kauli hiyo hiyo katika kibanda kimoja muhula uliopita. Fundi aliitazama simu, akaipima uzito mkononi kama mtu anayenunua nanasi, akatamka kwamba betri imechoka na kwamba kipande cha kuchajia pia kibadilishwe, "ili tumalize kazi mara moja." Bei iliyotajwa ilikaribia nusu ya bei ya simu mpya ya aina hiyo. Mwalimu aliomba siku mbili za kutafuta fedha. Siku hizo mbili ndizo zilizomwokoa, maana tulizitumia kufanya jambo ambalo fundi hakulifanya, nalo ni kupima.

Kanuni ya upimaji ni ile ile tunayoiandika ubaoni katika maabara: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vingine vyote viache vilivyo. Anayebadilisha waya, chaja na soketi kwa pamoja huenda akaponya simu yake, lakini hatajua dawa ilikuwa ipi, na kesho atanunua vyote vitatu tena.

Tulianza simu ikiwa na asilimia 30. Tuliizima skrini, tukaichomeka kwa waya na chaja ya mwenyewe, tukasubiri dakika 30. Ilifika asilimia 36. Kisha tukaiacha chaja ile ile, katika soketi ile ile, tukabadilisha waya peke yake kwa kuazima wa mwalimu wa Kemia. Baada ya dakika 30 nyingine ilikuwa asilimia 58. Tukaurudisha waya wa kwanza, mara hii tukiutia katika chaja ya mwalimu wa Kemia. Mwendo ukarudi kuwa wa kobe: asilimia sita kwa nusu saa. Hapo hapakuhitajika wakili. Betri ilikuwa nzima, chaja ilikuwa nzima, na mwenye hatia alikuwa waya ulionunuliwa kwa shilingi 100 kituoni.

Msomaji atauliza: yawezekanaje waya unaopitisha umeme ukawa ndio unaouzuia? Jibu limo katika sheria ya Ohm, ambayo kila mwanafunzi wa Fizikia huikariri na wachache huikumbuka wanapovuka lango la shule. Waya wa shaba ulio na unene wa milimita 0.08 za mraba una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Mkondo wa umeme huenda na kurudi, kwa hivyo waya wa mita 1 una mita 2 za shaba kwa hesabu hii, yaani omu 0.42. Ukitaka kupitisha ampia 2, msukumo unaopotea njiani ni 2 mara 0.42, yaani volti 0.84. Chaja imetoa volti 5. Simu imepokea volti 4 na ushei. Kwa kuwa betri yenyewe inapojaa hukaribia volti 4.4, msukumo uliobaki hautoshi kuisukumia umeme. Simu hulitambua hilo ikapunguza mkondo inaouomba, nayo hujaa kwa kudonoa.

Chukua sasa waya wenye shaba ya milimita 0.2 za mraba. Ukinzani wake kwa urefu ule ule ni kama omu 0.17, na hasara ni volti 0.34 tu. Kwa macho nyaya hizi mbili huenda zikafanana, maana mpira wa nje waweza kufanywa mnene kiasi chochote. Wanafunzi wanaoishi hosteli hupenda waya wa mita 3 ili wajichajie simu wakiwa kitandani. Ukiwa wa shaba ile nyembamba, ukinzani wake unapita omu 1.2, na ampia 2 haziwezi kupita humo kwa volti 5 zikaifaa simu. Waama, rahisi ni ghali.

Kuna hila nyingine isiyoonekana. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za mawasiliano. Zile mbili za mawasiliano ndizo zinazoiwezesha simu kutambua kwamba imechomekwa katika chaja wala si katika tarakilishi. Watengenezaji wengine huziacha ili kupunguza gharama. Simu ikikosa ishara hiyo, hujichukulia kuwa imechomekwa katika tarakilishi, nayo huomba kiasi kidogo tu, ampia 0.5, kwa kuwa ndicho kiwango cha kawaida cha tundu la USB la aina ya zamani. Volti 5 mara ampia 0.5 ni wati 2.5. Betri ya miliampia-saa 5,000, ambayo ni ya kawaida katika simu za siku hizi, huhifadhi takriban wati-saa 19. Gawanya 19 kwa 2.5 upate karibu saa nane, bila kuhesabu umeme unaopotea kama joto. Hiyo ndiyo siri ya simu iliyochomekwa usiku kucha isijae. Kwa chaja ya wati 10 na waya mwema, kazi hiyo huhitaji kama saa mbili na nusu hadi tatu. Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba anayechajia simu yake katika tarakilishi ya shule asiilaumu betri.

Waya ukiwa hauna hatia, itazame chaja. Juu yake pana maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi. Mstari mmoja hueleza umeme unaoingia na mwingine unaotoka. Ule wa pili ndio wenye habari: volti 5 na ampia 1 ni wati 5, volti 5 na ampia 2 ni wati 10. Chaja zinazojaza kwa haraka hupandisha volti au ampia zaidi ya hapo, lakini hufanya hivyo baada tu ya kuelewana na simu. Kampuni nyingi zina lugha zao wenyewe za maelewano hayo. Chaja na simu zisipoelewana hurudi kwenye kiwango cha chini, ambacho ni salama na ni cha polepole. Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la aina moja, USB-C, na tundu hilo ndilo linaloonekana sasa katika simu nyingi hata huku kwetu. Ni hatua njema, ila tusidanganyike: matundu kufanana si nyaya na chaja kufanana.

Hapa niseme neno juu ya kampuni ya umeme, ambayo hutukanwa katika kila jambo. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240, na jioni, wakati kila jiko na kila pasi imewashwa, huenda ukapungua. Lakini chaja nyingi za simu zimeundwa kupokea chochote kati ya volti 100 na 240. Taa ikififia kidogo, chaja haina habari. Kinachodhuru ni soketi iliyolegea, au kamba ya kuongezea umeme ambayo imechomekwa juu ya nyingine, zote zikiwa na joto. Soketi ikipata moto mkononi, iache. Hatari yake inapita mbali hasara ya kuchelewa.

Waya na chaja vikiwa vizuri, rudi kwenye simu yenyewe, na hapa wahenga wetu walitangulia kunena: kikulacho ki nguoni mwako. Simu hukaa mfukoni, na mfuko una nyuzi, vumbi na, kwa sisi walimu, unga wa chaki. Vitu hivyo hushindiliwa katika tundu la kuchajia kila waya unapoingizwa, mpaka vikawa tabaka gumu sakafuni mwa tundu. Dalili yake ni waya usioingia mpaka mwisho, au unaocheza, au unaochaji ukishikwa kwa pembe fulani tu. Izime simu, tafuta mwanga, utumie kijiti cha meno cha mbao kukwangua taratibu. Usitumie sindano wala pini ya chuma, kwa kuwa vidole vya shaba vilivyo ndani ni vyembamba na huvunjika. Usipulize kwa mdomo, kwani mate ni maji. Kazi hii ni ya dakika tano na haina gharama.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Simu inayochajiwa huku ikigawa intaneti kwa wenzake au ikicheza video hutumia umeme unaoingia kabla haujafika kwenye betri. Iache ipumzike dakika 30 uone tofauti. Simu iliyowekwa juani kwenye kioo cha gari au chini ya mto hupata joto, na ikipata joto hujipunguzia umeme kwa makusudi ili kuikinga betri. Simu nyingi za kisasa pia zina mpangilio wa kusimama kwenye asilimia 80 hadi karibu na wakati wa mwenyewe kuamka, au kutopita hapo kabisa. Anayeamka usiku wa manane na kuikuta imesimama kwenye 80 asidhani ni ugonjwa.

Hata bila ya mpangilio huo, sehemu ya mwisho huenda polepole kwa maumbile. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka wa 1991 na kuwapatia John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2019, hujaa kama matatu. Abiria wa kwanza huketi popote. Wa mwisho hupenya kwa shida akitafuta nafasi iliyobaki. Kwa hivyo anayetaka kupima mwendo wa chaji apime kati ya asilimia 20 na 60, asipime kati ya 85 na 100.

Sasa tumfikie mshtakiwa wetu. Dalili kuu ya betri iliyochakaa ni kuwahi kuisha. Uwezo wake wa kuhifadhi umepungua, na mara nyingi chombo kilichopungua hujaa upesi na kumalizika upesi, ingawa betri kuukuu yaweza pia kukawia katika sehemu ya mwisho. Simu inayozima ghafla ikiwa na asilimia 25, au inayoshuka kutoka 60 hadi 40 kwa simu moja iliyopigwa, hiyo ndiyo ya kushukiwa betri. Lakini simu inayochelewa kujaa, na ikishajaa hukaa siku nzima, ina betri njema. Tafuta kosa kwingine. Lau kila mteja pale Adams Arcade angejua tofauti hii moja, kauli ya "hiyo ni betri, mwalimu" ingepungua kwa nusu.

Kuna hali moja tu ambayo haihitaji kipimo. Betri ikivimba, mgongo wa simu ukainuka au skrini ikabanduka, usiichaji tena, usiibonyeze, wala usiitoboe. Ipeleke kwa fundi anayeaminika siku hiyo hiyo. Katika jambo hilo ujasiri si sifa.

Wapo watakaosema kwamba nawaonea mafundi. La hasha. Mafundi wengi ninaowajua ni vijana waangalifu waliojifunza kwa macho na mikono yao bila ya mwalimu, na tundu lililokufa kweli hulibadilisha kwa ustadi unaopendeza. Kasoro iko katika mazungumzo. Mteja huja akiwa tayari ameshatoa hukumu, naye fundi, ambaye hulipwa kwa kubadilisha wala si kwa kupima, humkubalia. Ningependa mteja aseme hivi: "Fundi, naomba tujaribu kwa waya wako na chaja yako robo saa, kisha tuamue." Fundi mwaminifu hatakataa. Anayekataa amekwisha kujibu swali lako.

Wengine watauliza serikali iko wapi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 pamoja na mamlaka yake, na Shirika la Viwango, KEBS, lina alama yake ya ubora. Vyombo hivyo vina wajibu, na vikumbushwe. Lakini hakuna askari atakayesimama katika kila kibanda cha Barabara ya Ngong akipima unene wa shaba. Mlinzi wa mfuko wa mnunuzi ni elimu yake mwenyewe.

Na kinachotupwa hakipotei. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme mwaka wa 2022, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa ipasavyo. Simu iliyotupwa kwa kosa la waya ni sehemu ya mlima huo, na hapa Nairobi tunajua mlima wa taka unafananaje. Wanaoishi Dandora hawahitaji picha.

Walimu wenzangu, tumeambiwa tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kwamba mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kutenda. Hiki hapa kitendo. Leteni darasani nyaya tano za bei mbalimbali, chaja moja, simu moja na saa. Waacheni wanafunzi wapime kila waya kwa dakika 20, wachore jedwali na grafu, wakokotoe wati, kisha waeleze kwa Kiswahili sanifu ni waya upi unaostahili fedha ya mzazi na kwa nini. Mwalimu wa Fizikia atapata ukinzani, wa Hisabati atapata uwiano, na wa Kiswahili atapata insha ya hoja. Nanyi wanafunzi, simu ya nyumbani ikishtakiwa wakati wa likizo, iombeeni nusu saa ya kupimwa kabla ya mama kufungua mkoba. Huenda nusu saa hiyo ikawa ndiyo karo ya kwanza mtakayowarudishia wazazi wenu.